Spika ya Nguzo ya Kushoto

Mavjigul alimenya ncha ya waya kwa meno, akatema kipande cha plastiki, akaunganisha amplifaya na spika ya kulia, kisha ya kushoto: nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Kaka yake Qurbonsho alikuwa ameketi kwenye jukwaa la mbao, akikaza nyuzi za rubabu na kutoa amri. Chumba kile kilikuwa studio tangu mwaka jana. Kabla ya hapo kilikuwa sebule, jiko na mahali pa kulala pa ukoo mzima, kama chumba cha nyumba yoyote ya zamani pale Khorog, mji wa milimani, na dirisha lake bado liko kwenye paa.

Spika zilifungwa kwenye nguzo mbili. Nguzo ya nyumba huheshimiwa kama mzee, haipigwi msumari, na hata Qurbonsho, mtu asiye na soni, asingethubutu. Ya kulia aliifunga kwa kamba. Kamba ikaisha, basi ya kushoto akaifunga kwa shali ya marehemu mama yao, iliyokuwa ikining'inia kwenye nguzo ileile tangu azikwe.

"Kitambaa tu hicho," alimwambia Mavjigul.

Wimbo waliokuwa wakiurekodi, mama yao aliutungia zizini akikamua ng'ombe, ule mwaka theluji ilipoporomoka ikamfukia baba yao. Hakuna aliyeusikia isipokuwa Mavjigul, aliyekuwa akishika ndoo. Yeye ndiye aliyemfundisha kaka yake, kwa ahadi moja tu: kwamba kabla ya kuimba atalitaja jina la mama, Shakarmo. Sasa redio iliutaka wimbo kabla ya adhuhuri, na Qurbonsho alikuwa amepatwa na ugonjwa wa kusahau.

"Kaka, jina la Mama utalitaja saa ngapi?"

"Mavji, usinichoshe. Unataka watu waseme naimba vilio vya zizini?"

"Uliahidi."

"Washa mashine."

Akawasha. Spika ya kushoto ikakohoa.

"Nani kaacha mlango wa zizi wazi?" aliuliza mama yao kutoka humo.

Mavjigul akapunguza sauti kidogo, maana spika ilikuwa inakwaruza. "Nimeufunga, Mama."

"Mama, tuko kazini," alisema Qurbonsho bila kuinua macho. "Tafadhali."

"Fanyeni kazi. Nimewashika mikono?"

Qurbonsho akaucheza wimbo aliorekodi jana yake. Mama yao naye akaimba, ila hakwenda sambamba na mwanawe. Alimtangulia kwa neno moja. Yeye akifika kwenye theluji, Qurbonsho bado yuko mlimani, anamfuata nyuma kama ndama. Wakarudia, ikawa vilevile. Masikio ya Qurbonsho yakaiva.

"Geuza nyaya za upande mmoja."

Mavjigul alijua anachotaka. Nyekundu na nyeusi zikibadilishana mahali kwenye spika moja, sauti iliyo katikati ya spika mbili hunyauka.

"Sigeuzi."

"Nyumba hii ya nani?"

"Yako. Geuza mwenyewe."

Akageuza mwenyewe, huku amplifaya inawaka, jambo alilokatazwa tangu siku ya kwanza. Sauti ikanyauka kweli, lakini ilikuwa yake mwenyewe, maana aliyekuwa katikati ni yeye. Mama yao alikuwa kwenye spika ya kushoto peke yake, akabaki mzima, akakijaza chumba hadi kwenye dirisha la paa.

Sauti ikamleta Ami Davlatmir, ndugu wa baba yao, kutoka nyumba ya pili, na bakuli lake la chai ya maziwa yenye chumvi. Akaweka kiganja kifuani.

"Shemeji, hujambo?"

"Sijambo. Magoti tu."

Akasikiliza hadi mwisho. Alimlilia ndugu yake waziwazi, akafuta macho kwa kofia.

"Kumbe wimbo huu ni wako," alisema.

"Wa nani tena?"

Mavjigul akamgeukia kaka yake. Mzee wa ukoo amesikia kwa masikio yake, na adhuhuri haijafika. "Haya, Kaka, sema. Ami yupo."

Qurbonsho alimtazama ami yake. Ami akalitazama bakuli lake.

"Kijana amepata nafasi, Mavji," alisema. "Usimharibie." Akanywa chai yake.

Qurbonsho akarudisha nyaya mahali pake, akachomeka hedifoni, ambamo mama yao hakuwa na njia ya kuingia, akamaliza kazi kimyakimya, akatuma. Jina la Shakarmo hakulitaja. Mavjigul alitoka kwenda kukamua ng'ombe, akalia kwa hasira mpaka ndoo ikajaa.

Siku wimbo ulipochezwa redioni, majirani walijaa chumbani. Walianzia kwenye nguzo ya kushoto, wakamsalimia Shakarmo na kumpa pole ya magoti, kisha wakamwendea Qurbonsho kumpongeza. Mtangazaji akasema maneno, utunzi na sauti ni vya Qurbonsho. Rubabu ikaanza. Mama yao akaimba, neno moja mbele ya redio.

"Nyamaza kidogo, Shakarmo," alisema jirani mmoja kwa upole. "Tumsikilize mwenye wimbo."

Mama yao akanyamaza. Redio ilipozimwa, aliuliza kama Qurbonsho amekula.

"Amekula, Mama," alisema Mavjigul, akainuka kulikaza fundo la shali kwenye spika ya kushoto, lililokuwa limeanza kulegea.