Kitufe cha Njano

"Haya, bonyeza, Mama," alisema kitinda mimba wake, kwa sauti ile ile ambayo Mama mwenyewe, enzi zake za ualimu, aliitumia kwa watoto wa darasa la kwanza. Mama akabonyeza kitufe cha njano. Runinga ikawaka, ikamtolea kioo cha buluu kitupu, ikaandika kwamba hakuna mawimbi. Mwanawe akashusha pumzi na kumtazama mkewe. Mkewe akalitazama begi la Mama, lililokwisha kufungwa na kuwekwa mlangoni.

Hasira zilimpanda Mama hadi masikioni. Wiki nzima wanawe walikuwa wakimjadili kwenye simu kana kwamba hayumo duniani: Mama anasahau, Mama anachanganya mambo, Mama hawezi tena kukaa peke yake. Ushahidi wao ulikuwa rimoti hii. Mwanawe, fundi wa mitambo ya ofisini, alizikusanya rimoti zote za zamani, akaja na hii moja inayojua kazi ya zote. Nyuma ya kitufe cha njano alipanga amri zifuatane zenyewe: washa runinga, washa king'amuzi, washa spika, fungua chaneli ya habari. Kitu kimoja tu cha kubonyeza, na hicho kimoja kilimshinda kila asubuhi.

Kilichomkata maini zaidi ni kwamba alikuwa ameanza kuwaamini. Jana alikaa kitandani akijihoji majina ya wajukuu wake, mmoja baada ya mwingine, huku moyo ukimdunda kama mwanafunzi aliyeingia kwenye mtihani bila kusoma. Aliyapata yote, lakini hakutulia.

"Lete nikuonyeshe." Mwanawe alihangaika kidogo na vitufe hadi kila kitu kikazimika, kisha akabonyeza cha njano. Picha ikaja, sauti ikaja. "Umeona? Twende nyumbani, Mama, ukapumzike."

"Nyumbani kwangu ni hapa."

"Hatugombani, Mama," mkwe alisema taratibu. "Tunakuhurumia tu."

Neno hilo lilimtonesha. Akainuka atoke asije akasema la kujutia, na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye swichi ya ukutani, ukaizima, kama ulivyofanya tangu marehemu mumewe, fundi umeme, alipoapa kwamba hakuna kifaa kitakachoachwa na umeme nyumbani kwake. Sebule ikanyamaza. Mama akabaki amesimama, kidole bado kiko kwenye swichi.

Akaiwasha tena. Taa ndogo ya king'amuzi ikapepesa, ikageuka kijani bila kuguswa na mtu.

"Bonyeza wewe," alisema.

Mwanawe akabonyeza kwa madaha. Runinga ikawaka, taa ya kijani ikazimika. Hakuna mawimbi. Akabonyeza tena: king'amuzi kikawaka, runinga ikazimika. Akaipigapiga rimoti kwenye kiganja.

"Hebu ngoja. Umeme ukirudi kinajiwasha chenyewe, halafu amri yangu inakizima, maana ya kuwasha na ya kuzima ni ile ile. Kwani, Mama, unazima ukutani?"

"Kwani wewe ulilelewa wapi?"

Mwanawe akaitazama swichi. Ndani ya sebule hii hii baba yake alimfokea mara nyingi kwa sababu ya swichi hiyo.

"Ni kazi ndogo," alisema hatimaye. "Naitoa amri moja tu, basi."

"Hutoi kitu. Kitufe kimoja kimekushinda, mwanangu. Haya, na wewe tukupeleke wapi?"

Mkwe alijifanya anakohoa. Mwanawe aliiweka rimoti mezani, akaja akamshika mama yake mkono kwa mikono yake miwili.

"Nisamehe, Mama."

Mama hakuuondoa mkono, wala hakuufumbata wa mwanawe. Akili zake zote alikuwa nazo, na leo alikusudia kuzitumia kukasirika.

"Bado," alisema.