Mistari Sita ya Penseli

Binti wa marehemu kaka yangu alinipigia simu saa tatu asubuhi, akasema saa nne atakuwa kwangu. Ameifufua kompyuta ya baba yake, ile ya zamani inayochomekwa kwenye runinga, na sasa anataka kitu kimoja tu: jarida la mwezi wa nne, ukurasa wa arobaini na moja.

“Baba aliandika pembeni kwa penseli,” alisema. “Mistari sita ya kuongeza kwenye programu. Nikiichapa yote, mashine inaniambia neno. Alinionyesha nikiwa na miaka saba, nikalisahau. Nataka nilisome tena.”

Nikamwambia njoo, mwanangu. Kisha nikakaa kitini nikijua nimekwisha.

Sisi wakusanyaji wa majarida ya kompyuta za mwanzo tuna wazimu wetu, na wangu umekomaa. Zamani hizo programu zilichapishwa jaridani, mistari yenye namba, nawe unaketi kuipiga mmoja mmoja kwenye kibodi. Ukikosea mkato mmoja, mashine inanuna. Ndiyo maana wasomaji walisahihisha pembeni kwa penseli. Kwetu sisi huo ni uchafu. Jarida likiingia mikononi mwangu, napitisha raba laini ukurasa kwa ukurasa kabla ya kulihifadhi. Katoni la majarida ya kaka nililipokea baada ya mazishi. Nililisafisha kwa wiki mbili, nikajisifu kama kuku aliyetaga.

Sasa ukurasa ulikuwa mweupe pe.

Nikafunga mapazia, nikawasha tochi na kuilaza ubavuni mwa karatasi, maana kaka alikuwa fundi redio mwenye mkono mzito. Akiandika, hata meza inapata habari. Alama zikajitokeza. Nikanakili huku jasho likinitoka: mstari wa kwanza, wa pili, mpaka wa tano. Wa sita, wenye neno lenyewe, haukusomeka. Hapo kaka alikuwa amekoleza penseli, na mimi, bingwa wa usafi, nilikuwa nimesugua mpaka karatasi ikachubuka.

Saa nne kasoro dakika tano wazo likanijia: niseme jarida limepotea. Panya, mvua, nani atajua? Nikalipeleka kabatini, nikalisukumiza nyuma ya mengine. Aibu ikanipanda hadi masikioni. Nikalitoa. Mlango ukagongwa nikiwa nalo mkononi.

“Shikamoo, baba mdogo.”

“Marahaba. Ingia, mwanangu.”

Hakutaka chai, hakutaka hata kukaa. Alifunua ukurasa wa arobaini na moja, akageuza, akarudi, akaitazama namba upya.

“Siyo hili.”

“Ndilo hilo. Nilifuta mwenyewe. Huwa nafuta yote. Nimeokoa mistari mitano, hii hapa. Wa sita, wenye neno, umenishinda. Nisamehe.”

Hakulia, na hilo lilinitisha zaidi. Alipitisha kidole palipochubuka, taratibu, mara mbili.

“Basi niambie wewe,” alisema.

“Nikuambie nini?”

“Lilikuwa neno gani. Ulikuwa nalo mbele ya macho yako kabla hujalifuta.”

Nilijipekua kichwani kama mtu aliyepoteza funguo. Nilikumbuka rangi ya karatasi. Nilikumbuka pini mbili za katikati zisizo na kutu, na kona iliyokunjika niliyoinyoosha kwa pasi ya vuguvugu. Maandishi ya kaka yangu, tuliyelala naye kitanda kimoja utotoni, yalipita chini ya mkono wangu na sikuona hata herufi.

“Baba mdogo,” alisema, “hukusoma?”

“Sikusoma.”

Akainakili ile mistari mitano kwenye daftari lake bila kuniangalia, kisha akaondoka bila kuaga. Jarida aliniachia.