Akina Mama Waliovamia Usaili

Profesa Wafula alikuwa anamalizia swali lake la tatu jirani yetu Mama Florence alipochomoza kwenye kompyuta yangu, uso umejaa kioo kizima, akasema, "Bwana asifiwe!"

"Amina," akajibu profesa kwa mazoea tu, kisha akavua miwani.

Nyuma ya Mama Florence wakaingia wengine. Mmoja alikuwa anakuna nazi, mwingine alituonyesha dari yake, na wa tatu aliuliza kwa sauti kama sadaka ni mwanzo au mwisho. Mimi nilikuwa chumbani kwetu Bofu, blauzi ya heshima juu, leso chini, jasho likinitiririka mgongoni. Usaili wangu wa kuingia shahada ya uzamili ya usalama wa mtandao ulikuwa umevamiwa na akina mama wa maombi.

Miaka imepita, na bado nikitumiwa linki ya mkutano moyo hunidunda. Wakati ule nilifanya kazi katika kampuni ya makontena huko Changamwe, na sehemu kubwa ya kazi yenyewe ilikuwa kuwafungulia watu kompyuta walizojifungia kwa kusahau neno la siri. Siku moja wezi wa mtandaoni wakazifunga kompyuta zetu zote. Makontena yakalala uwanjani, hakuna aliyejua lipi ni la nani. Wakaletwa wataalamu kutoka mbali, na mimi nikapewa kazi ya kuwapelekea chai. Kila nilipoingia na sinia nilichelewa kutoka. Niliwatazama wakifuata nyayo za mwizi wasiyemwona, nami nikapagawa kabisa. Sijawahi kutaka kitu kama nilivyoitaka kazi ile.

Kampuni ikaamua kuunda kitengo chake cha usalama. Meneja hakunificha: nikipata nafasi chuoni muhula ule, kiti kimoja ni changu, nikikosa, angeletwa mtu kutoka Nairobi. Na chuo chenyewe kilikuwa kimeshanikataa mara moja.

Asubuhi ya usaili nilimwachia Mama simu yangu awapigie wenzake waniombee. Humo akaiona linki. Nyumbani kwetu linki ilikuwa na maana moja: kamati ya mazishi au ya harusi, ambapo jamaa wa Kilifi, wa Nairobi na wa Qatar hukutana kupanga mambo. Hakuna mtu kwetu aliyewahi kutumiwa linki akaambiwa aje peke yake. Basi Mama akafanya ambalo mtu yeyote mwenye adabu angefanya. Akaisambaza.

Nilizima kipaza sauti, nikageuka. "Mama! Umewapa watu linki?"

Akatokea mlangoni, simu yangu mkononi, wala hana wasiwasi. "Nimewapa. Kwani pana kosa? Hata posa mtu haendi peke yake, mwanangu. Utakaaje mbele ya wazee wa watu, huna hata mmoja wa kukuitikia?"

Nilipowasha tena kipaza sauti, Dakta Asmaa, mmoja wa wasaili, alikuwa anauliza kama awatoe.

"Ngoja kwanza," profesa akamwambia, kisha akanigeukia mimi. "Kafedha, hili ni tukio la usalama. Limetokeaje, nawe utafanya nini?"

Hata nazi ikaachwa kukunwa. Ningeweza kusema mama yangu hajui mambo ya mitandao, nikajiokoa. Ulimi ulikataa.

"Hakuna aliyevunja mlango, Profesa," nikasema. "Linki haikuwa na neno la siri, na hilo, samahani, ni kosa lenu. Hawa wamekaribishwa na mtu anayenipenda. Kwetu kitu kizuri hugawiwa. Kuwaambia watu wasigawane ni kutwanga maji kwenye kinu. Ningejenga mfumo unaolijua hilo tangu mwanzo, ili mtu akigawa linki, mlango bado umuulize mgeni yeye ni nani."

Profesa akaandika kitu. "Na ukimaliza masomo, unajiona wapi?"

"Changamwe. Kwenye kiti ambacho nimekuwa nikikipelekea chai."

"Amina!" wakaitikia akina mama kwa pamoja, na Dakta Asmaa akainama kuficha kicheko.

Profesa akatuomba sote tutoke ili wao washauriane, angenipigia simu. Wakatoka mmoja mmoja, wakiulizana pa kubonyeza. Nikatoka na mimi, nikakaa kitandani. Mama akaja kukaa kando yangu.

"Nimekuharibia?"

"Sijui, Mama."

Kweli sikujua, na iliniuma kumwambia hivyo. Akanishika mkono.

Mara vigelegele vikapaa ng'ambo ya ukuta, kwa Mama Florence, virefu, vile vya mtoto kuzaliwa. Mama akanitazama. "Kuna nini kwa jirani?"

Nikaelewa taratibu. Mama Florence alikuwa amezima picha, akadhani ametoka. Wataalamu wa usalama wakakaa kunijadili, na hakuna hata mmoja aliyetazama nani kabaki mkutanoni.

Simu ikalia. "Nadhani umeshasikia," akasema Profesa Wafula. Hata kwake vigelegele vilikuwa vinaendelea.

"Nimesikia, Profesa."

"Basi hongera, umepata nafasi. Sasa kazi yako ya kwanza, tafadhali, nenda ukamtoe huyo mama. Sisi tunaweza kumtoa kutoka hapa, ila hakuna mwenye moyo huo."

Nilipiga kelele mpaka Mama akaziba masikio, naye akaanza kulia na kucheka kwa pamoja. Kisha nikakimbia miguu mitupu, leso nimeishika kwa mkono isianguke.

Mama Florence alikuwa amesimama katikati ya jiko, mikono imejaa unga wa mahamri, simu imeegemezwa kwenye kopo la sukari, anawapigia vigelegele watu wasiomwona. Aliponiona akanivutia kwake kwa mkono mmoja, unga wote ukaishia kwenye blauzi yangu ya heshima, na sauti hakuikata. Kitufe chekundu cha kutoka kilikuwa pale pale, karibu na kidole changu.

Nikamwacha amalize kwanza.