Saruji ya Bibi Oktavia

Kaka yangu Kefa ni bingwa wa "tutaona". Tutaona mwezi ujao, tutaona tukishavuna viazi. Kaburi la bibi kule ziwani liliingojea "tutaona" hiyo miaka nenda rudi, mpaka madaktari walipomwambia amrudishe mama nyumbani kwa kuwa hawana la kufanya tena. Ndipo akanunua saruji ya kulijengea.

Jumamosi nilitoka Makambako na kibao cha marumaru mapajani, kimechongwa msalaba na jina la bibi, Oktavia. Nikawakuta Mjimwema, Njombe mjini, nyumbani kwa Kefa, wameshapakia. Mama alikuwa kiti cha mbele, amevaa sweta mbili, amekonda mpaka mkanda wa gari unampwaya.

"Kamwene, mama."

"Kamwene. Panda, Anneth, tusichelewe."

Mama ni mtu wa ziwani, wilaya ya Ludewa. Aliolewa na baba, Mbena wa Kichiwa, na tangu siku hiyo hakuacha kuilalamikia baridi. Baba tulimzika Kichiwa, na kwetu mke hulala alipolala mumewe. Mama hakutaka. Tulipopita Ludewa mjini alisema, kama mtu anayeagiza chumvi dukani:

"Mkimjengea mama yangu, acheni nafasi ubavuni. Mimi nitalala hapo."

"Mama, acha hayo!" nilifoka. Nilimkasirikia kwa sababu anakufa. Najua si haki, lakini ndivyo ilivyokuwa.

"Wazee wa Kichiwa nitaongea nao," Kefa alisema. Safari hii hakusema tutaona.

Barabara ikaanza kushuka, kona juu ya kona, na joto likatupokea. Mama akavua sweta ya kwanza, kisha ya pili, akazitupa nyuma. Moja ikanipiga usoni.

"Chukueni takataka zenu za Njombe!" alisema, akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu Krismasi.

Mjomba Xaveri, mdogo wake mama, alitupokea mlangoni kwake.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," Kefa alimtania, akishusha mfuko wa saruji. Mjomba hakucheka. Aliutazama ule mfuko, kisha akatazama chini.

"Dada, kaa kwanza ule samaki, kuna mbasa."

"Nitakula nikitoka kwa mama. Nipelekeni."

Tukamshika huku na huku. Njia ya makaburini niliijua tangu utoto: unalipita kanisa, unashuka kidogo, umefika. Tulilipita kanisa, tukashuka kidogo, na njia ikaingia majini. Mbele yetu palikuwa na ziwa tu.

"Maji yalipanda mwaka juzi," mjomba alisema. "Hayajarudi."

"Na watu?" mama aliuliza.

"Waliojengewa tuliwahamishia kule juu, kwenye mawe. Makaburi ya udongo, dada, yalikuwa yameshasawazika na ardhi. Hatukujua nani ni nani."

Kefa alikuwa amekibeba kile kibao. Alikigeuza, jina la bibi likaelekea kifuani kwake.

"Mbona hukusema kwenye simu?" nilimfokea mjomba, adabu nimeiweka kando.

"Ningesema, angekuja?"

"Nisingekuja," mama alijibu. Alisimama akiyatazama maji.

"Huko juu nafasi ipo, dada. Ukitaka, tutakupa."

"Huko juu simjui mtu."

Mbasa hakumgusa. Wakati wa kuondoka, Kefa, macho mekundu, alianza kuuburuta mfuko wa saruji kuelekea mlangoni.

"Mjomba, baki nao. Utaziba hata nyufa za nyumba."

"Rudisha kwenye gari," mama alisema. "Kichiwa mtauhitaji. Msije mkaniacha na udongo mtupu."

Kefa akaurudisha mfuko garini. Tulianza kupanda milima jua bado kali, madirisha yote wazi, jasho linatutiririka. Mama akanyoosha mkono nyuma, akaomba sweta zake zote mbili.