Pamba Iliyolaliwa

Kicheko kilipenya chini ya mlango, na Mitwali akakitambua. Kilikuwa cha binti yake, Inas. Tangu majira ya baridi hakijasikika nyumbani. Leo kicheko hicho amepewa mwanamke wa watu, bure, ndani ya zahanati ya serikali inayobambuka rangi.

"Anamwambia nini cha kuchekesha?" akamuuliza mlinzi kutoka kwenye benchi alipokaa.

"Mzee, ukitaka kusikia, ingia na wewe ulie."

Mitwali akageuzia macho picha ya mkubwa ukutani. Wakubwa hao ndio walioshindwa kumpatia mke wa Mitwali dawa mpaka akazikwa. Leo wameleta daktari wa maongezi, mmoja kwa mji mzima wa Mahalla, na huyo mmoja anamchukulia mtoto.

Inas akatoka, macho mekundu.

"Mmeongea nini?"

"Mambo tu, Baba."

"Na mimi siongeleki?"

"Wewe ukianza, ni kuilaumu serikali mpaka chakula kinapoa."

Daktari Maysa alimfuata mlangoni. Msichana mdogo, viatu vya kawaida. "Baba Inas, dawa hii haiishii humu ndani. Sonona, ugonjwa huu wa huzuni, hupenda mtu abaki peke yake. Nyumbani fanyeni jambo pamoja, lolote. Usimhubirie. Kaa karibu tu."

Afundishwe kukaa na mwanawe! Wivu ulimchoma.

Lakini maneno hayakumtoka kichwani. Mitwali hajui kusoma zaidi ya jina lake, anajua pamba: kazi yake ni kuipiga na kushona magodoro. Tangu Ramzi avunje uchumba, Inas ameshinda kitandani, na godoro lake limegeuka jiwe. Pamba iliyolaliwa sana hushikana mabonge. Hata uipige vipi kwa nje, haisikii. Sharti ufumue mshono, uitoe juani.

Asubuhi, Inas akiwa jikoni, akalibeba godoro mpaka kichochoroni. Akatandika mkeka mbele ya mlango, akafumua, akashika uta wake wa kupigia pamba. Uzi ukavuma. Pamba ikaanza kuinuka.

Na hapo ndipo alipokosea. Mpiga pamba akikaa mbele ya nyumba yenye binti, mtaa mzima unajua: harusi. Magodoro ya maharusi wote wa pale ameyashona yeye, na leo amesahau.

Kigelegele kikapasuka ghorofa ya pili. "Hongera, Inas! Mitwali, bahili wewe, hata sharubati unatunyima?" Alikuwa Mama Hisham, jirani. Akarusha chumvi konzi nzima ya kufukuza husuda. Ikamwangukia Mitwali kichwani, ikatapakaa kwenye pamba. Madirisha mengine yakajibu kwa vigelegele.

La Inas likafunguka. Likafungwa.

Kile kicheko, hata huyo daktari hatakipata tena.

"Nyamazeni!" akapaza sauti. "Hakuna harusi! Mwanangu anaumwa!"

Kila wiki mtaa huohuo alikuwa akiuambia kwamba Inas ana mafua tu.

Ngazi zikalia. Inas akatokea na gauni la nyumbani, nywele hazikuchanwa.

"Umewaambia."

"Nimewaambia."

"Unaumwa nini, binti yangu?" Mama Hisham akauliza, sauti imeshuka.

Inas akamtazama juu dirishani. "Sonona. Natibiwa."

"Ramzi yule, mguu wake uote jipu! Naleta supu ya dengu. Na vigelegele vyangu havirudi, viweke akiba."

Pembe ya mdomo wa Inas ikacheza. Akakaa kwenye mkeka, ng'ambo ya pamba, akaanza kuokota chembe za chumvi na kuzitia kwenye kiganja.

"Daktari Maysa hatasadiki nikimsimulia," akasema.

Mitwali akachomwa tena na wivu. Atasimuliwa daktari. Chini ya mlango kitapita kicheko kingine, na baba mtu atakuwa benchi, na mlinzi na ile picha.

"Utamwambiaje?" Swali lilikuwa limefika kwenye meno. Akaling'ata. Akavuta uta, polepole, asimpulizie vumbi.

Pamba ikapanda kati yao, nyepesi. Kishungi kimoja kikatua kwenye nywele za Inas. Mitwali akanyoosha mkono akitoe, kisha akaurudisha kwenye uta. Inas alikuwa akivuta bonge lingine, akilichambua kwa kucha, midomo ikimtembea kama anayetafuta pa kuanzia kumwambia.