Siku Tuliyoanika Juu ya Paa

Chuo kilitaka sisi wanafunzi wa kigeni tuishi na wenyeji, ili lugha tujifunze mezani kabla ya darasani. Mimi nikapangiwa kwa familia ya madobi. Makubaliano yalikuwa mepesi: wao wanipe chumba na chakula, nami nikitoka masomoni niwape mkono dukani.

Duka lilikuwa mbele, nyumba nyuma yake, na harufu ya sabuni ilikuwa imeingia mpaka kwenye mito. Ukuta wa chumba changu ndio uliokuwa ukuta wa chumba cha mashine. Mashine ikianza kuzunguka, kitanda changu nacho kilitetemeka kama gari bovu mlimani, na nilipoizoea nikawa sipati usingizi mzuri isipokuwa kikitetemeka.

Mwenye sauti nyumbani alikuwa Mama Dobi, mwanamke mnene, mwepesi wa miguu, aliyeweza kuona doa kwenye shati la mteja akiwa bado yuko ng'ambo ya barabara. Mumewe, Baba Dobi, alikuwa mpole kupita kiasi. Yeye ndiye aliyeendesha gari la kupeleka nguo. Binti yao alikuwa rika langu. Walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Halafu alikuwepo Babu, baba yake Mama Dobi, mwanzilishi wa duka. Tangu daktari amkataze kunyanyua vitu vizito, Babu alishinda kwenye kigoda karibu na mlango, kimya, akitazama watu wakiifanya kazi yake kwa namna asiyoipenda.

Lugha ilinisumbua. Siku ya kwanza mezani nilitaka kusema nimeshiba, nikasema nimeiva. Chiriku alicheka hadi akapaliwa, na tangu hapo kila nilipomaliza kula aliniuliza kama ni wakati wa kuniepua. Sikuchukia. Nyumba inayokutania ni nyumba iliyokwisha kukuona.

Riziki kubwa ya duka ilitoka hotelini, mwisho wa mtaa uleule. Kwa miaka mingi walifua mashuka ya hoteli ile, hadi alipokuja meneja mpya aliyetaka kazi yote ihamie kwenye kiwanda cha kufulia nje ya mji. Mkuu wa vyumba wa hoteli, mama mmoja mkali mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, aliwatetea madobi wangu mpaka meneja akalegea kidogo. Hoteli ilikuwa inajaa wageni wa mkutano. Meneja akatoa siku moja ya majaribio: madobi wapewe nguo zote asubuhi, wazirudishe safi kabla ya jioni. Wakiweza, kazi ibaki kwao.

"Nimeweka shingo yangu hapo," mkuu wa vyumba aliwaambia. "Msiniangushe."

Asubuhi ya siku hiyo marobota yalishushwa mpaka mlango wa duka ukawa haufungi. Mashine ikapewa mzigo wa kwanza. Ilizunguka kidogo, ikaguna, ikatoa harufu ya mpira unaoungua, ikanyamaza. Fundi akaja, akafungua kifuniko cha nyuma, akatuonyesha chuma kilichokatika. Alisema chuma cha namna ile ni cha kuagiza, na kingechukua siku kadhaa kufika.

Baba Dobi akakaa juu ya robota, akatoa simu ili awapigie hotelini. Mama Dobi aligeukia ukutani, akawa anafuta rafu ambayo haikuwa na vumbi. Chiriku hakusema neno, na hilo ndilo lililonitisha kuliko yote.

Nilikuwa na mkoba begani, naelekea chuoni. Nikauweka chini.

"Kwetu tunafua kwa mikono," nikasema. "Na kwa miguu."

Baba Dobi alinieleza kwa upole, kama unavyomweleza mgonjwa, kwamba haya si mashati ya mtu mmoja, ni mashuka ya hoteli nzima. Hapo kigoda cha karibu na mlango kikalia. Babu alikuwa amesimama.

"Kabla ya hiyo mashine kununuliwa, tulikuwa tunafua kwa nini?" aliuliza. "Kwa meno?"

Alitupeleka stoo mwenyewe. Nyuma ya makabati mabovu kulikuwa na mabeseni makubwa ya bati, mapana kiasi cha kulaza ndama. Tuliyakokota hadi uani, tukayasugua. Tangi la maji moto halikuwa na tatizo, kwa hiyo tulivuta mpira wa maji hadi nje. Babu alipima sabuni kwa kiganja, akakoroga kwa mpini wa ufagio, akachovya kidole, akaongeza. Daktari alikuwa amemkataza kunyanyua, hakuwa amemkataza kuamrisha, na siku ile aliamrisha kwa niaba ya miaka yote aliyonyamaza.

Mimi niliwapangia kazi kama mama yangu anavyopanga nyumbani: mashuka yalowekwe, na yakiwa yanalowana sisi tumalize foronya na vitambaa vya meza. Kisha tukavua viatu. Mama Dobi alikunja suruali hadi magotini, akaingia kwenye beseni kwa uangalifu, kama anayejaribu maji ya mto asiojua kina chake. Alikanyaga mara mbili tatu, akanitazama, akaanza kucheka. Baada ya hapo hakuna aliyemshinda. Povu liliruka mpaka madirishani.

Kukamua ndiko kulikotumaliza. Shuka lililolowa ni zito kama mtu aliyezimia. Tulishika wawili wawili, mmoja huku na mmoja kule, tukalisokota mpaka likawa kamba, maji yakimwagika miguuni. Chiriku, ambaye sasa ulimi ulikuwa umemrudia, alisema akiolewa atamwambia mumewe walale juu ya magazeti.

Saa za adhuhuri mashuka yalikuwa meupe, yamesuuzwa, yamekamuliwa, na hatuna pa kuyaanika. Mashine ya kukaushia ilikuwa imeunganishwa na ile iliyokufa. Ua ulikuwa mwembamba, jua haliufikii. Pasi kubwa ya rola, ile inayobana shuka na kulinyoosha, ilikuwa nzima, lakini isingeweza kumeza shuka linalochuruzika.

Mahali palikuwepo: paa la jengo, bapa, lenye jua na upepo. Ila ufunguo wake ulikuwa kwa Jirani wa Juu, mwanamke mzee aliyeishi peke yake, ambaye alikuwa ameacha kuwasalimia madobi kwa sababu ya mvuke uliopanda kwake na kuua maua yake. Mama Dobi alisema afadhali akaushe mashuka kwa kuyapuliza kuliko kugonga mlango ule. Baba Dobi akatazama viatu vyake. Kisha wote wakanitazama mimi, ambaye sikuwa na ugomvi na mtu.

Nilipanda ngazi nikirudia sentensi yangu. Mlango ukafunguliwa kidogo, pua ikatokea. Nikamsalimia kwa heshima zote nilizofundishwa, kisha nikamwomba atuazime kichwa chake, tukianikie mashuka.

Kwa lugha yao, kichwa na paa ni maneno yanayokaribiana sana.

Alifungua mlango wote. Akajishika nywele. "Yote yatatosha hapa?" akauliza, na kabla sijaelewa kosa langu, alikuwa ameegemea mlango anacheka hadi machozi. Niligeuza maneno, nikajaribu tena, nikamweleza mashine imekufa, hoteli inasubiri, na kule chini wamelowa wote hata Babu.

"Hata yeye mama mwenye nyumba?"

"Yeye ndiye aliyelowa kuliko wote."

Hilo nadhani lilimfurahisha. Alichukua ufunguo, akachukua na kopo la vibanio, akatangulia mwenyewe.

Tulifunga kamba kutoka bomba hadi bomba, tukapandisha mabeseni kwa kupokezana ngazini. Mama Dobi alipofika juu, alimkuta jirani yake amesimama na vibanio mdomoni. Kisha Jirani wa Juu akatoa kibanio kimoja, akasema shuka linaanikwa kwa pindo, si kwa pembe. Mama Dobi akajibu kwamba yeye ni dobi. "Basi anika kama dobi," mwenzake akasema, na wakaanika kamba moja, kila mmoja akirekebisha vibanio vya mwenziwe.

Upepo ukaja. Paa lote likajaa mashuka yaliyofura na kupiga makofi, na watu wa majengo ya jirani wakatoka madirishani kutazama. Sikuwahi kujivunia nguo zisizo zangu kama siku ile.

Tulianua yakiwa na unyevu kidogo tu, Baba Dobi akayapitisha kwenye pasi, sisi tukakunja. Jua lilikuwa bado liko juu ya nyumba gari lilipotia nanga mlango wa nyuma wa hoteli. Mkuu wa vyumba alivaa miwani, akafunua shuka moja, akalinyanyua kwenye mwanga, akalitia puani. Kisha akaenda kumwita meneja, akamwekea shuka mikononi bila kumweleza chochote. Meneja naye akanusa.

"Yamefanywa nini haya?"

"Yamekaa juani," alijibu Babu, ambaye hakuna aliyeweza kumzuia asije. "Kiwandani kwenu jua lipo?"

Meneja alitazama nguo zilizopangwa, akampa Babu mkono. Alisema kazi inabaki hapohapo ilipokuwa, na siku mashine ikipona, mashuka ya vyumba vikubwa yaendelee kuanikwa.

Tuliporudi nyumbani tuligundua kwamba katika nyumba nzima ya madobi hakuna mtu mwenye nguo kavu. Tulikula tumejifunga mataulo, Jirani wa Juu akiwa mgeni wetu, yeye peke yake akiwa amevaa kama mtu. Nikampigia mama yangu. Alisikiliza yote, kisha akauliza, "Nimekusomesha mpaka ng'ambo ukafue?" lakini nilisikia anavyojizuia kucheka.

Mama Dobi aliomba simu. Hawakuwa na lugha hata moja ya pamoja. Mmoja alisema yake, mwingine akajibu yake, na wakaelewana kwa vicheko kiasi kwamba chakula kilipoa. Babu alinisogezea sahani yangu karibu, akaongeza minofu aliyokuwa amejibakishia mwenyewe.

"Kula, mwanangu," akasema. "Kesho ni foronya tena."