Maji Yaliyomuosha Mama

Mimi, Clotilde, ndiye niliyeleta sheria ya shimo katika mtaa wetu wa Shituru. Ilikuwa mwaka wa tisini na tatu, kiwanda kimelala, bomba zimekauka, watu wanakunywa maji ya visima walivyochimba wenyewe. Kipindupindu kikaingia. Komini, ofisi ya serikali ya mtaa, ikanipa kazi ya usafi, nami nikapita mlango kwa mlango: maji yaliyoosha maiti yasimwagwe uani. Yaingie shimoni, yatiwe chokaa, yafukiwe.

Nilikuwa mkali, tena sana. Mama Clémentine, jirani yangu wa bondeni, alipofiwa na bwana yake, nilisimama pale pale karibu na beseni, mikono kiunoni. Akanishika mkono.

"Mama Clotilde, bwana yangu haiko uchafu. Niache nimwage hapa kwa maua yake."

"Sheria ni sheria," nikamjibu.

Akamwaga shimoni, akanyunyiza chokaa huku machozi yanamtoka. Nikarudi nyumbani kichwa juu.

Sasa mama yangu naye akafa, kwa kuhara. Kaka yangu Godefroid akachimba shimo refu nyuma ya nyumba, akaweka chokaa pembeni. Sisi wanawake tukamuosha Mama, nami nikabeba beseni mwenyewe. Maji yalinukia sabuni ya mawese aliyokuwa anaipika kwa mikono yake. Nilipofika shimoni mikono ikagoma. Nimtupe Mama humo kama taka za sokoni? Kando palikuwa na mpapai alioupanda yeye. Nikatazama nyuma, hakuna mtu. Nikamwaga kwenye shina, nikafunika shimo tupu kwa bati.

Mchana mvua ikapiga. Nikiwa nimekaa kwenye mkeka wa kilio, nikasikia maji yanakimbia uani, yanapita kwenye mpapai, yanateremka kwa Mama Clémentine. Kisima chake kiko pale chini, hakina hata ukingo. Sema, Clotilde, si weye uliyekuwa unafokea wengine? Lakini watu walikuwa wananipa pole, mmoja baada ya mwingine, na mimi nikawa naitikia tu. Nilijichukia.

Mvua ilipokatika, Mama Clémentine akapanda na ndoo kichwani.

"Pole, yaya, dada yangu. Nimeleta maji ya kunywa kwa batu ya kilio. Ni ya kisima changu, musiogope. Ni weye ulitulindia kile kisima."

Akachota kikombe, akampa mdogo wangu Reine. Reine akakipeleka mdomoni. Nikakipiga kwa mkono, kikaanguka.

"Musikunywe," nikasema. "Maji ya Mama sikuyaweka kwa shimo. Niliyamwaga kwa mupapai, na mvua imeyashusha kwako."

Godefroid akainamisha kichwa. Nilingoja Mama Clémentine anitukane, na angenitukana ningeshukuru. Akainama, akaokota kikombe.

"Kumbe na weye ulishindwa," akasema.

Akabeba ndoo yake mpaka nyuma ya nyumba, akaondoa bati, akamwaga maji yote shimoni polepole, kama nilivyomlazimisha siku ile. Kisha akaninyooshea mkono.

"Leta chokaa."

Nikampa. Alipokuwa ananyunyiza, nikasikia anamwita bwana yake kwa jina, nami nikapiga magoti matopeni, nikashindwa hata kumwambia pole.